Chokaa ya Perpetua

Mwaka ule wa njaa na mahindi ya njano ya msaada, duka la ushirika la Mbulu lilibaki na mfuko mmoja tu wa chokaa, na mikono miwili ikaushika kwa wakati mmoja. Mmoja ulikuwa wa Dionis, bwana shamba kijana kutoka Bukoba, aliyevaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, ambayo Vijana wa TANU walikuwa bado hawajaiona wakaichana. Mwingine ulikuwa wa Perpetua Margwe, mpishi wa misheni: gauni la maua ya zambarau, sweta ya kijani, na tabasamu la mtu aliyezoea kushinda.

"Dada, niachie. Nina ofisi ya kijiji ya kupaka."

"Na mimi nina mahindi ya kupika."

Dionis alicheka mpaka muuza duka akageuka. Msichana mzuri, tena mcheshi! Wakagawana nusu kwa nusu, na kabla hajafika kwenye baiskeli yake, bwana shamba alikuwa amekwisha kupenda.

Kwa wiki tano baiskeli ile haikujua njia nyingine ila ya misheni. Ofisi ilipata chokaa upande wa mbele tu. Jumapili ya sita akaalikwa kula. Akanyata jikoni ili amfumbe macho mpenzi wake, akamkuta anamimina chokaa kwenye sufuria ya mahindi.

"Perpetua! Unanitilia limbwata!"

"Nikutilie wewe? Una ukali gani wa kutulizwa?"

"Chokaa ni ya ukuta!"

"Ni mapishi ya kwao Sista Lupita, Meksiko. Chokaa inavua maganda, tunaosha mara nne, tunasaga. Bibi yake alipika hivi, na bibi wa bibi yake. Leo watu wanapanda ndege kukifuata chakula hiki, na wewe mla ndizi unakikimbia!"

Kweli alikimbia. Kwa heshima zote, lakini alikimbia.

"Usirudi mpaka ujifunze kula!" Perpetua akapaza sauti nyuma yake.

Alhamisi kijiji kizima kilikuwa shambani kupalilia. Saa sita Perpetua akafika na Sista Lupita, vikapu vichwani. Chapati za mahindi zilifuka mvuke, zikinukia kama udongo uliopata mvua ya kwanza. Ndani mlikuwa na maharage ya kupondwa, parachichi, na nyanya za kuchoma zilizotwangwa na pilipili. Mzee Hhando, mwenyekiti, ambaye siku zote aliyaita mahindi yale chakula cha farasi, alikula nne, akalamba vidole, akauliza kwa sauti ya mkutano mkuu kama ya tano inahitaji kibali.

Dionis alisimama pembeni na kiazi baridi, akipeleleza. Watu arobaini wamekula. Hakuna aliyekufa. Wala hakuna aliyetulia: Mzee Hhando aligomba vilevile.

Akasogea. "Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Huyu ndiye wa ukuta?"

"Ndiye," alisema Perpetua bila kumtazama.

"Perpetua, mama, nisamehe. Nipe hata ndogo."

"Na limbwata?"

"Tia vijiko viwili."

Hakutaka kucheka, akacheka. Akamkunjia moja, akamlisha kwa mkono wake. Dionis akatafuna, akafumba macho, machozi yakamtoka. Kama ni pilipili au toba, shamba zima halikujua.

"Perpetua, nataka kula hiki mpaka nizeeke."

"Meza kwanza." Akamfuta kidevu. "Halafu niletee ile chokaa yako iliyobaki. Wageni wa posa nitawapikia nini?"

Mpaka masika, ukuta wa nyuma wa ofisi ulikuwa bado udongo mtupu. Mzee Hhando akamwita bwana shamba, akauliza kwa ukali chokaa ya kijiji imekwenda wapi.

"Shikamoo, Mzee. Tuliila siku ya posa yangu," Dionis akasema. "Na wewe mwenyewe, Mzee, ulikula sita."