Nimalizie, Arvo

Waino Kangas hakuwa mtu wa kusaidiwa. Gogo lilimponda bega la kulia alipokuwa akikata miti, na kwa misimu miwili akabaki dirishani akiwatazama wenzake wa huku kaskazini mwa Michigan wakirudi na kulungu. Aliapa: asipoweza kuuvuta upinde peke yake, basi tena, hatarudi msituni.

Ndiyo maana mchana ule alikuwa dukani kwa Reino, na mkewe Lempi pembeni, akijaribu pinde za kitako, zile zinazolengwa na kufyatuliwa kama bunduki. Wa kwanza ulikuwa mzito mbele, bega likakataa. Wa pili ulitaka kuvutwa kwa mikono miwili. Wa tatu ulikuwa mwepesi, una mpini wa kuzungushia kamba mpaka inase. Akauweka juu ya meza, akazungusha kwa mkono wa kushoto. Tik, tik, tik. Ukanasa.

"Huo bei rahisi," Reino alisema, sauti chini. "Ulikuwa wa marehemu Arvo."

Lempi akashtuka. "Arvo si alipooza mikono yote?"

"Alipooza. Na tulimkuta amekufa kwenye kibanda chake cha kuvizia, upinde umevutwa."

"Nani alimvutia?"

Reino akajifanya anafuta meza.

"Mume wangu, chukua mwingine, mimi nitakuwa nakuvutia," Lempi alinong'ona.

"Unishike mkono kama mtoto? Thubutu!"

Akaununua, mbishi yule.

Asubuhi ya kwanza ya msimu alikaa kwenye kibanda cha kuvizia, theluji nyembamba nje, furaha imemjaa. Hapo ndipo alipogundua kosa lake. Dukani aliujaribu juu ya meza. Humu hamna meza. Alipozungusha mpini kwa kushoto, upinde ukateleza mapajani, na mkono wa kulia haukuwa na nguvu ya kuubana. Kamba ikafika katikati, ikakwama.

Na kulungu dume huyo, mapembe hayo, akatokea kwenye uwazi.

Machozi yakamlenga. Akanong'ona, nusu utani, nusu hasira, "Nimalizie basi, Arvo."

Mpini ukazunguka.

Tik. Tik. Tik.

Kamba ikanasa. Waino hakufikiri. Aliweka mshale, akalenga, akafyatua. Kulungu akaruka mara moja, akaanguka. Jamani, alilia kama mtoto!

Huku hatumfuati mnyama papo hapo. Tunamwacha atulie kwanza. Kwa hiyo Waino akangoja, upinde mtupu mapajani.

Tik.

Akatazama chini. Ni mkono wake wa kushoto uliokuwa ukizungusha. Akauambia uache. Haukuacha. Hakusikia ubaridi wala uchungu, kana kwamba amevaa mkono wa mtu mwingine. Kamba ikanasa, vidole vikalegea. Akajaribu kuvikunja. Wapi.

"Arvo," alinong'ona. "Inatosha."

Pembeni yake, penye nafasi tupu ya benchi, mbao zikalia kama mtu amejisogeza akae vizuri.

Lempi alimkuta saa sita mchana, mdomo wazi, upinde umevutwa.

"Nani amekuvutia?"

"Nilimwomba," alijibu. "Sikumwambia iwe mara moja tu."

Lempi akauchoma upinde ule nyuma ya nyumba siku hiyohiyo, na mpini wake akautupa ziwani. Daktari alimpima Waino mshipa kwa mshipa, hakuona kasoro. Lakini mkono wa kushoto umekufa tangu siku ile. Wa kulia haufiki mdomoni, wa kushoto haushiki kijiko. Mkewe ndiye anayemlisha, anamvisha, anamfunga vifungo, na yule aliyekuwa akisema thubutu siku hizi anafumbua mdomo tu.

Sisi majirani tulizoea. Mpaka alipotuonyesha kiganja kile, msimu wa kulungu ulipoanza tena. Mkono haujainua hata kikombe mwaka mzima, ila kila asubuhi una malengelenge mabichi, mekundu, yanayotoa maji, pale hasa unaposhikwa mpini. Lempi anayapaka mafuta na kuyafunga kitambaa safi. Kesho yake kitambaa kimechakaa.