Ua la Makaburini

Kila siku baada ya shule, Chapuchapu alivua sare, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akachukua mundu na kumfuata baba yake makaburini. Haikuwa safari ndefu. Nyumba yao ya vyumba viwili ilipakana na ukuta wa makaburi, karibu na lango, kwa sababu baba yake ndiye aliyekuwa mchimba makaburi na mtunzaji wa eneo lile. Wanafunzi wenzake walimtania kwamba ana majirani wazuri, hawapigi redio wala hawaombi chumvi. Yeye alicheka pamoja nao. Mama yake alizikwa humo tangu yeye akiwa mdogo, na hakuwahi kupaogopa. Kwake pale palikuwa mahali pa kazi tu.

Jina la Chapuchapu alipewa na baba yake mwenyewe. Msichana yule hakujua kutembea, alijua kukimbia. Alifua chapuchapu, soksi zikatoka na udongo wake. Alimaliza hesabu kabla ya wote, na nusu yake ikawa na makosa.

"Mwanangu," baba alikuwa akimwambia, "wateja wangu mimi hawana haraka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kulalamika. Fanya kazi taratibu."

Baba alikuwa na utaratibu wake. Alifyeka nyasi kote isipokuwa kona ya nyuma, penye makaburi ya zamani ambayo jamaa zake hawakujulikana tena. Huko alipiga magoti na kung'oa magugu kwa mkono, akiyazunguka majani fulani marefu yaliyolala chini kama mikanda. Hayo yalikuwa majani ya ua la makaburini. Chini ya udongo mmea huo ulikuwa na kitunguu kilichouchipusha upya kila mwaka, na mvua zilipoanza ulitoa ua jekundu lisilo na harufu. Baba hakuruhusu mundu ufike pale mpaka mbegu zikauke na kudondoka zenyewe.

Watu wazima walikumbuka enzi ambazo ua lile lilijaa kila mahali. Kisha mabonde yakalimwa, vilima vikachimbwa kokoto, na wachuuzi wa maua wakang'oa vitunguu vilivyobaki na kuviuza kwenye ndoo. Ndani ya ukuta wa makaburi hapakuwa na jembe wala trekta, kwa hiyo lilisalia huko pamoja na wafu.

Siku moja baba aliinua jiwe la kaburi lililoanguka, mgongo ukakataa. Alibebwa hadi kitandani akiwa amekunja uso. Muuguzi wa zahanati alimwambia alale chali, asiinue hata kikombe kizito.

Mwenyekiti wa kamati ya makaburi alikuja kumjulia hali. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mtu aliyetaka kila kitu duniani kinyooke kama mshono.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema. "Lakini Jumamosi tunamzika mwalimu mkuu wa zamani. Watu watajaa, na nyasi zimefika magotini. Kama huwezi, itabidi tutafute mtu mwingine."

"Mtu gani?" baba aliuliza.

"Mtu mwenye mgongo."

Chapuchapu aliruka kutoka mlangoni. "Mimi nitafyeka, Mzee. Nitamaliza kabla ya Jumamosi."

Mwenyekiti alipoondoka, baba alimwita karibu na kitanda. "Fyeka kote. Ila kona ya nyuma ung'oe kwa mkono. Mbegu za ua bado mbichi. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Kusikia si kuelewa."

"Nimeelewa."

Alifanya kazi kwa bidii, hilo lazima lisemwe. Kila jioni alifyeka safu baada ya safu, viganja vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka. Lakini Ijumaa jua lilipoanza kushuka, kona ya nyuma ilikuwa bado haijaguswa, na magugu ya huko yalikuwa na miiba. Chapuchapu aliyatazama, akahisi kulia.

Ng'ambo ya ukuta binamu yake alikuwa na bustani ya mboga, na pampu yake ya mgongoni ilining'inia barazani. Chini yake palikuwa na chupa ya dawa ya kuua magugu. Binamu hakuwepo. Chapuchapu aliruka ukuta, akachanganya dawa kwa kukisia, akajifunga pampu mgongoni bila glavu wala kitambaa usoni. Alijiambia kwamba atanyunyizia magugu peke yake na ua ataliruka. Lakini upepo ulivuma, naye alikuwa na haraka. Alipomaliza, kila jani katika kona ile lilikuwa limelowa, ya kando ya ukuta kidogo tu.

"Umemaliza na kule nyuma?" baba aliuliza usiku ulipoingia.

"Nimemaliza."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Baba."

Baba alivishika viganja vyake, akayaona malengelenge, akayapuliza taratibu. "Leo umekuwa mtu mzima," alisema. Malengelenge yalikuwa ya kweli, ila hayakutoka kona ya nyuma. Chapuchapu alivuta mikono yake akaenda kulala, na mikono ikamwasha mpaka asubuhi.

Mazishi yalikwenda vizuri. Mwenyekiti alimshika bega mbele ya watu na kusema kwamba binti huyu anawashinda wanaume watatu. Kesho yake Chapuchapu alikwenda kona ya nyuma peke yake. Magugu yalikuwa yamekauka. Aliyakwangua yote akayatupa shimo la taka, na hapo ndipo alipoona kwamba majani ya ua nayo yalikuwa na madoa ya kahawia, na ncha zake zimejikunja. Kisha akajisemea kwamba pengine yatapona yenyewe.

Jumatatu alipotoka shule alimkuta Mama Majani ameketi kando ya kitanda cha baba. Mama huyo alikuwa mtaalamu wa mimea kutoka chuoni. Watoto walimpa jina hilo kwa sababu alizoea kutambaa makaburini akichungulia majani kwa kioo cha kukuzia. Kila mwaka alikuja kuchukua mbegu chache.

"Shikamoo, Mama Majani."

"Marahaba, mwanangu." Hakutabasamu kama kawaida yake. "Nilikuwa namwambia baba yako. Kulikuwa na kilima kimoja tu kingine chenye ua hili. Nimetoka huko jana. Wamechimba kokoto mpaka mwamba, hakuna kitu. Yamebaki haya yenu. Yakitoweka haya, basi."

Aliinuka akaenda kona ya nyuma. Aliporudi alikuwa ameshika jani lenye madoa.

"Kuna mtu amepiga dawa kule?"

"Hakuna," baba alijibu. "Binti yangu amepalilia kwa mkono. Tazama viganja vyake."

"Ingekuwa dawa, ningeshukuru. Ningekata majani yaliyoungua na kusubiri. Lakini kama si dawa, huu ni ugonjwa wa kuozesha. Nimewahi kuuona ukimaliza bonde zima kabla sijajua la kufanya. Hauna tiba. Vitunguu vilivyoshikwa vinang'olewa na kuchomwa siku hiyohiyo, ili vilivyo vizima vipone." Alimgeukia Chapuchapu. "Mwanangu, una hakika hakuna aliyenyunyizia kitu?"

Baba naye alimtazama, akiwa hana shaka hata chembe. Kwa sababu ya macho yale, hakuthubutu kusema kweli.

"Nina hakika," alisema.

Wakawasha moto ndani ya pipa la chuma. Baba alikataa kubaki kitandani. Alijikokota kwa fimbo mpaka kona ya nyuma, akisema hawezi kulala wakati mimea aliyoilinda miaka yote inaondoka. Mama Majani alichimba vitunguu kimoja kimoja, Chapuchapu akavibeba kwa beseni, na baba akavitumbukiza pipani. Vilitoa mlio wa mvuke, kisha vikanyamaza. Mama Majani alifuta macho mara kwa mara na kusingizia moshi.

Beseni la kwanza likaisha. La pili. La tatu. Kila mara Chapuchapu alijiambia atasema, na kila mara aliona kwamba kusema sasa ni kubaya kuliko kusema mwanzo. Katika beseni la nne baba aliinama, mgongo ukamkata, akaanguka kwa magoti na kupiga ukelele ambao binti yake hakuwahi kuusikia.

"Baba!"

"Niache," baba alisema kwa meno yaliyoumana. "Leta hivyo. Tusipochoma hivi, vile vya ukutani navyo vitakufa."

Chapuchapu alitazama ndani ya beseni. Kitunguu cha juu kilikuwa na mzizi mpya, mweupe, mnene kama uzi wa sufi.

"Msichome!" alipaza sauti. "Si ugonjwa! Ni dawa. Nilipiga dawa ya magugu kwa pampu ya binamu. Sikung'oa kwa mkono. Nilidanganya."

Mama Majani aliacha kuchimba.

"Ilete hiyo chupa," Mama Majani alisema hatimaye.

Alipoletewa aliisoma polepole, kisha akatoa kisu na kupasua kitunguu kimoja. Ndani kilikuwa cheupe, kibichi, chenye maji. Aliketi juu ya udongo.

"Dawa hii inaunguza majani tu," alisema. "Haishuki chini. Vitunguu vilikuwa hai. Vyote."

Baba alijivuta hadi kwenye ndoo akamwaga maji pipani. Moshi mweusi ulipanda. Walichungulia wote watatu, wakakoroga majivu kwa fimbo, wakakoroga tena, lakini hapakuwa na cha kuokoa. Baba hakumpiga Chapuchapu wala hakumgombeza. Alirudi kitandani akageukia ukutani, na msichana akaona afadhali angechapwa.

Vilivyosalia vilikuwa beseni moja na vichache vilivyokuwa bado havijachimbwa kando ya ukuta. Mama Majani alikata majani yaliyoungua. Hakuvirudisha vyote mahali pamoja. Vingine alivipanda upande wa pili wa makaburi, vingine bustani ya shule chini ya ulinzi wa mwalimu wa sayansi, na vingine akaondoka navyo kwenda chuoni. "Tulikosea sote kuviacha vyote mahali pamoja," alisema. "Nami nilikosea kuwasha moto kwa haraka. Hofu ilinishika." Mwaka ule mbegu hazikupatikana, zote ziliungua zingali mbichi. Mikono ya Chapuchapu ilivimba, akapewa zahanati dawa ya kupaka, na binamu yake akaihamishia pampu stoo na kununua kufuli.

Chapuchapu alisimama mbele ya kamati ya makaburi na kueleza kila kitu. Sauti yake ilikatika mara mbili. Mwenyekiti aliinamisha kichwa.

"Mimi nilitaka pang'are," alisema. "Nikamtisha mgonjwa kwa ajili ya nyasi. Nyasi!" Siku hiyohiyo kamati ilikubaliana kwamba kona ya nyuma haitafyekwa kabla mbegu hazijadondoka, hata akizikwa nani. Akina mama wa sokoni walisema hawatanunua tena vitunguu vya maua ya porini kwa wachuuzi, maana kisichonunuliwa hakichimbwi. Wanafunzi wa darasa la Chapuchapu walipeana zamu ya kuangalia bustani ya shule. Wengine walimcheka, wakimwita Mchoma Maua. Alishika zamu yake hata hivyo.

Mvua ziliponyesha, baba alikuwa ameanza kutembea, amejifunga mkanda kiunoni. Walikwenda pamoja kona ya nyuma. Kando ya ukuta yalisimama maua machache, mekundu, na katikati pote palikuwa udongo mtupu. Chapuchapu aliyahesabu.

"Baba, yatajaa tena kama zamani?"

"Sijui. Mama Majani anasema mbegu ikiota leo, itachukua miaka mingi kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Huenda nikawa nimeshazikwa humu."

Msichana alianza kulia. Baba alimwacha alie, kisha akazungumza bila hasira.

"Dawa ilikuwa kosa la haraka, na kosa la haraka husameheka. Majani yaliungua, majani yangeota. Lakini uliulizwa, mwanangu. Uliulizwa na mimi, ukaulizwa na Mama Majani, ukiwa na jibu mdomoni, na sisi tukaendelea kuchoma. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo hakikumpata mwenye kuficha, kimewapata wasio na mdomo wa kujitetea."

Chapuchapu alifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nasubiri nipate ujasiri, Baba."

"Najua. Kila mtu husubiri," baba alisema. "Lakini kitu kilichobaki kidogo hivi duniani hakina muda wa kumngoja mtu ajipange kusema kweli."