Koni Iliyokaa Yenyewe

Kwa siku nne mfululizo Fundi alikuwa akigombana na kipande cha aluminiamu. Gitaa alilichonga mwenyewe kwa mbao za kabati kuukuu, shingo imenyooka, nyuzi ziko sawa. Kilichomshinda ni koni, ile sahani nyembamba inayolazwa tumboni mwa gitaa ili sauti itoke kubwa. Kila akiilaza, inavuma kama nzi kwenye chupa. Akakaza skrubu, ikavuma. Akalegeza, ikavuma zaidi. Akapiga msasa ukingo wa tundu mpaka vidole vikachubuka, akailaza tena, akagusa uzi mmoja tu, na nzi wake yumo humo humo, mzima wa afya.

"Basi!" akafoka, akatupa bisibisi sakafuni. "Nimeshindwa! Anayeweza, yeyote awaye, aje aikalishe mwenyewe!"

Mkewe, mwalimu wa darasa la kwanza, alikuwa chumba cha pili akisahihisha madaftari. "Mume wangu, maneno gani hayo? Unamwita nani?"

"Yeyote!" akajibu, akaenda kunawa.

Aliporudi, koni ilikuwa imekaa. Skrubu zote zimekazwa, na bisibisi bado iko sakafuni alikoitupa. Chumba kilinukia marashi ambayo hayakuwa ya mkewe. Mwenye akili angetoka mbio. Fundi wetu akaketi akapiga, na sauti ikatoka nene, ndefu, safi, mpaka akacheka peke yake.

Wanasema ulimi huponza kichwa; wa Fundi uliponza koo la mwenzake. Kesho yake mwalimu aliamka sauti imekwaruza. "Vumbi la chaki tu," wakasema. Siku ya tatu akawa ananong'ona. Hospitali wakamchungulia koo, hawakuona kitu. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba sauti isiporudi, darasa litapewa mwingine, naye akalia bila mlio. Kadiri alivyofifia, ndivyo gitaa lilivyonoga. Fundi aliliona hilo, akajichukia, lakini zile siku nne za kushindwa zilikuwa bado zinamuuma, akaendelea kupiga.

Siku ya saba, adhuhuri, alipiga uzi mnene akauacha ufe wenyewe, lakini haukufa, ukaendelea kulia chini chini huku marashi yakizidi kumkaba pua, na ndani ya ule mlio akasikia mtu akivuta pumzi, kisha sauti ya mkewe, ile ile ya asubuhi darasani, ikiita watoto jina baada ya jina, taratibu, ikingoja kila mmoja aitike, na katika mapengo yale ya kungoja, vitoto fulani, kutoka mbali sana, vikawa vinaitika.

Akakimbia kumfuata shangazi wa mkewe, mganga.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba." Walipofika nyumbani kwa Fundi, bibi yule alisimama mlangoni, akanusa, akagoma kuingia. "Nani kamkaribisha huyu?"

Fundi akainamisha kichwa. "Mimi. Kwa hasira."

"Aliyemwita ndiye amtoe. Iponde hiyo koni kwa mkono wako, sasa hivi, na sauti ya mwanangu itarudi yote. Ukichelewa, hata huo mnong'ono hatabaki nao."

"Siwezi kuing'oa tu, Shangazi, polepole? Sitapata nyingine ikakaa hivi."

"Nimesema uiponde!"

Akachukua nyundo. Mkewe alikuwa amesimama kando ya ukuta, mkono kooni. Hapo nyuzi zikatikisika bila kuguswa.

"Usivunje, mume wangu," gitaa likasema, kwa sauti ya mkewe, ile ya enzi za uchumba wao.

Mkewe akatikisa kichwa kwa nguvu. Midomo yake ilisema vunja, vunja, na hakikutoka kitu.

"Mtazame mkeo!" akanong'ona Shangazi kutoka mlangoni. "Usilisikilize hilo!"

Fundi akainua nyundo.

"Umehangaika mno," sauti ikambembeleza. "Siku nne, vidole vimechubuka, na hakuna aliyekupa pole. Mimi nimeona. Umeipatia, mume wangu. Hakuna fundi kama wewe."

Nyundo ilikaa hewani muda mrefu. Kisha mkono ukalegea, ukashuka, ukailaza sakafuni taratibu.

Mwalimu akafungua mdomo kupiga yowe, na yowe likatokea tumboni mwa gitaa.