Uso wa Kuazima

Harufu ilianzia kwenye nywele za Filina. Menipe alikuwa akimsuka binti yake uani, jua la asubuhi limeshapanda juu ya mapaa ya wafinyanzi, mara vidole vikamganda. Nywele zilinuka mafuta. Si haya ya zeituni ya kukaangia samaki, bali yale mazito yenye maua, ambayo Athene nzima ilikuwa na kazi nayo moja tu, kupaka maiti.

"Umeyatoa wapi haya mafuta, wewe?"

"Mafuta gani, mama?"

"Usinifanye mjinga. Umechezea vichupa vya baba yako."

"Vya baba si vitupu? Kwani mama hujui?"

Ni kweli vilikuwa vitupu. Kazi ya Sosandro, mumewe, ilikuwa kuvichora tu, vile vichupa virefu vyeupe vya kupeleka makaburini, vyenye picha ya marehemu ameketi kwenye ngazi za kaburi lake. Mafuta wenye msiba walijitilia wenyewe. Sosandro alikuwa fundi hasa. Hilo hata mahasidi wake walilikubali, na yeye mwenyewe alilikubali kuliko wote.

Menipe alimaliza kusuka, lakini roho yake haikutulia. Lilikuwapo jambo ambalo mumewe alikuwa amelifanyia mzaha. Baridi ilipoanza, alikuja mama mmoja aliyefiwa na binti yake, Kleino, msichana aliyekufa kwa homa harusi ikiwa mlangoni. Alitaka kichupa chenye picha ya mwanawe. Sosandro hakuwahi kumwona huyo Kleino, maana mabinti wa watu hawaonekani ovyo mitaani. Wachoraji wenzake wangemchorea uso wowote, uso wa kila mtu usio wa mtu. Yeye alitaka kuonyesha ufundi. Akamketisha Filina kwenye ngazi ya ua, kidevu mkononi, akamchora kama alivyo: pua yake, kidoti cha juu ya mdomo, na ile nyusi moja iliyopanda kuliko mwenzake.

"Mtoto mzima unamweka kaburini?" Menipe alimuuliza siku ile.

"Uso ni uso tu, mke wangu. Namwazima yule maskini. Ataufanyia nini?"

Baada ya harufu yakafuata mengine. Filina akawa anakaa kwenye ngazi ile ile saa za adhuhuri, wakati mtaa umelala na hata magurudumu ya wafinyanzi yamesimama, kidevu mkononi, hasemi, hapepesi macho, akiitwa haitiki. Siku moja Sosandro alipita nyuma yake na mzigo wa kuni za tanuri, akamsikia akiimba kwa sauti nyembamba zile nyimbo za kumtoa bibi harusi kwao, na msichana alipokatiza ili avute pumzi, wimbo uliendelea.

Sosandro alizitupa kuni pale pale. Alichukua nyundo, akaificha ndani ya joho, akatoka nje ya lango la mji mpaka makaburini, tayari kukivunja kichupa, liwalo na liwe. Alikikuta juu ya kaburi la Kleino. Ngazi zilikuwapo, vazi lilikuwapo, na mkono uliokuwa umeshika kidevu ulikuwapo. Uso haukuwapo. Mahali pake palikuwa peupe, kama hapajawahi kuguswa na brashi. Alirudi nyumbani bila kukivunja, akilia njia nzima, na hakumwambia mkewe alichokiona.

Ikaingia sikukuu ya siku tatu, ile ambayo wafu hupanda na kutembea mjini, na walio hai hutafuna majani ya mti wa miiba wasije wakaingiwa na mizimu. Siku ya tatu kila nyumba huwachemshia wafu chungu cha nafaka za kila aina. Chungu hicho aliye hai hakionji. Hata mtoto anayetambaa anajua.

Menipe aliingia jikoni akamkuta Filina amepiga magoti mbele ya chungu, akila kwa mikono miwili, nafaka zikifuka moshi vidoleni na uji ukimchirizika hadi viwikoni bila yeye kuonyesha kwamba unaunguza, akimeza bila kutafuna, kama mtu aliyefunga tangu baridi ilipoanza.

"Filina, mwanangu, acha," alinong'ona. "Hicho si chetu."

Msichana aligeuka. "Nimepikiwa mimi," akasema kwa upole, akaendelea kula.

Sosandro alikimbia kumleta Bibi Bato, mwanamke aliyekuwa akizisafisha nyumba zilizoingiwa na nuksi, akamsimulia yote njiani. Bibi Bato alifukiza salfa kila pembe mpaka watu wa nyumbani wakakohoa na kutokwa machozi. Filina peke yake hakukohoa. Aliuvuta moshi akacheka. Bibi akawavuta wazazi nyuma ya tanuri.

"Nguo ya kuazima haisitiri makalio, Sosandro. Umempa uso, sasa anataka na mwili wa kuuvalia."

"Mtoe, bibi! Nakupigia magoti. Nina huyu mmoja tu."

"Simtoi mimi. Leo jioni mji mzima utawafukuza wafu. Nawe fungua mlango wako, umfukuze kwa sauti. Ndani ya mtoto wamo wawili, na mmoja lazima atoke. Mgeni akiachiwa, atatoka mgeni. Mgeni akishikwa, atatoka mwenyeji. Kwa hiyo usimshike. Hata akikulilia kwa sauti ya mwanao, usimguse! Atakayebaki ni wako."

"Na akirudi?" aliuliza Menipe.

Bibi Bato akampa kopo la lami. "Akishatoka, funga mlango na uupake hii. Mzimu hauvuki lami."

Jua lilipoinama, sauti zilianzia mbali, upande wa soko, zikaja mtaa kwa mtaa, wanaume, wanawake na watumwa wakipiga masufuria na kupayuka, "Tokeni, mizimu! Sikukuu imekwisha!", mpaka zikafika kwa majirani, na ukuta ukatetemeka, na Filina akainuka kwenye ngazi, akaenda mlangoni kwa miguu isiyopinda magoti, huku Sosandro akipiga kelele na wenzake, tokeni, tokeni, akimwona mtoto wake akikikaribia kizingiti, na pale pale kizingitini mtoto akageuka, na macho yalikuwa ya Filina.

"Baba, wananiita mimi. Sitaki kwenda. Baba, nishike!"

Alimshika. Tusimlaumu upesi, maana ni baba gani angesimama mikono mitupu? Alimkumbatia kwa nguvu zake zote, mdomo ameufunga, Menipe akimvuta joho na kulia, "Mwachie, baba Filina! Bibi alisema mwachie!" naye hasikii, anamshika tu, mpaka sauti ya mwisho ikazimika mwisho wa mtaa.

Msichana akalegea. Mashavu yakapata damu, mikono ikapata joto. Menipe alimgusa paji la uso, akaangua kilio cha furaha, kwa kuwa mama akipata tumaini haulizi limetoka wapi. Aliufunga mlango akaupaka lami juu mpaka chini, pamoja na miimo na kizingiti.

Msichana alijipapasa shavu, pua, kidoti cha juu ya mdomo.

"Ahsante, mzee Sosandro," akasema. "Baba yangu mimi hakunishika hivi."

Nje, vidole vidogo vikabisha hodi.

"Mama? Mbona mmefunga? Ni mimi. Huku kuna watu wengi, wanasema twende."

Sosandro alilirukia komeo, akaufungua mlango kwa kishindo. Mtaa ulikuwa mtupu. Sauti ilikuwa pale pale mbele yake, usawa wa kifua chake.

"Siwezi kupita, baba. Inaniunguza."

Alianza kuikwangua lami ya kizingiti kwa kucha, akimwambia ngoja, mwanangu, ngoja kidogo, nakuja, usiende nao, lami ikimnasa vidole na kucha zikinyanyuka, na ile sauti ikajibu, ikajibu tena kutoka mbali kidogo, kisha ikasikika upande wa lango la makaburini, ikimwita bado. Nyuma yake msichana alimwambia Menipe, kwa adabu ya mgeni, kwamba baridi inaingia, afadhali wafunge mlango.