Mfereji wa Jabali la Kirowa

Zama zile, kabla bendera ya mgeni yeyote haijapandishwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kila kigongo cha mlima kilikuwa na mtawala wake, mangi, na kila mangi alikuwa na ugomvi wake na jirani. Nchi za Kirowa na Ngaruma zilitenganishwa na korongo moja lenye mto, na watu wake walijuana kwa milio ya pembe za vita zaidi kuliko kwa majina.

Lekule alikuwa mwana wa Ngaruma. Alitekwa vitani angali barobaro, akafikishwa mbele ya Mangi Kisaro wa Kirowa akiwa na jeraha la mkuki begani. Angeuawa siku hiyohiyo, lakini mateka wenzake walisema kwamba baba yake ndiye aliyechimba mifereji ya Ngaruma, na kwamba mwana ameirithi kazi. Mangi akaamuru afunguliwe kamba.

Kirowa, pamoja na ng'ombe wake wanono, haikuwa na maji huko juu. Wanawake walishuka korongoni na vibuyu, na huko ndiko wapiganaji wa Ngaruma walikowavizia. Ndeshau, ambaye baadaye Lekule alimwoa, alimpoteza dada yake pale mtoni. Kilichorudi nyumbani ni kibuyu tu.

Mangi akamtaka Lekule alete maji kwa mfereji, na kazi hiyo ilikula misimu mingi. Lekule alipanda hadi msituni, akaanza kuyachepusha maji. Kipimo chake kilikuwa gome la mgomba lililotiwa maji: aliliweka chini, akatazama maji yanaelemea wapi, ndipo akawaonyesha wachimbaji pa kupiga jembe. Walipofika kwenye jabali lililoning'inia juu ya korongo, wengi walisema safari imeishia hapo. Yeye akaagiza kuni, akauchoma mwamba hadi ukawa mwekundu, akaumwagia maji ya baridi, ukapasuka. Pale ulipokataa katakata, alitandika magogo yaliyochongwa mfano wa mtumbwi ili maji yapite ndani yake, yakishikiliwa na nguzo.

Habari zilivuka korongo. Watu wa Ngaruma walijua kwamba maji yakichepushwa juu, mto wao utabaki uzi wakati wa kiangazi. Asubuhi ambayo maji yangepitishwa, wapiganaji wao walitokea kwenye ukingo wa jabali, ngao za ngozi ya nyati mikononi, manyoya ya mbuni vichwani. Aliyewaongoza alikuwa Masamu, kaka yake Lekule wa tumbo moja.

Masamu hakuinua mkuki. Alimpa kwanza habari za nyumbani, nani kaoa na nani katangulia, kisha akasema lililomleta.

"Mama bado anakuwekea chakula chako. Kata magogo haya twende nyumbani, mdogo wangu. Hakuna atakayekuuliza neno."

Harufu ya mbege, pombe ya ndizi ya mama yake, ilimjia Lekule puani kana kwamba mtungi uko pale pale.

"Kaka, huku nina mke," alisema. "Wanawake wa huku wanashuka mtoni kama wanaokwenda kuzikwa. Siwezi kukata."

"Basi hutarudi tena."

"Najua."

Pembe ikalia, watu wa Kirowa wakaja mbio, na vita vikapiganwa kwenye njia isiyopitisha zaidi ya mtu mmoja. Jiwe lilipiga nguzo ikayumba. Lekule akaikumbatia kwa mikono yote miwili, kifua wazi. Masamu alikuwa hatua chache tu mbele yake. Alimtazama, akashusha mkuki, akawaita watu wake warudi.

Maji yalifika Kirowa jua likiwa la utosi. Mangi alimtunuku Lekule kihamba, shamba la migomba la kurithisha wanawe, na fahali, na waimbaji wakalitia jina la Mangi katika nyimbo zao. Lekule alikunywa pamoja nao, akacheka pamoja nao. Lakini kila alipokwenda kuzoa majani mferejini, miguu yake ilisimama pale jabalini. Ng'ambo ya pili ilionekana migomba ya kwao, na kati ya mioshi yote alikuwa akiujua moshi wa jiko la mama yake.

Miaka ikapita hivyo. Kiangazi kimoja moshi ule haukupanda, na pembe ya msiba ikalia Ngaruma.

Lekule hakuomba ruhusa kwa mtu. Alikwenda hadi chanzo cha mfereji, akang'oa mawe na udongo, maji yote yakarudi mtoni.

"Mama ataoshwa kwa mto mzima," alimwambia Ndeshau aliyekuwa amemfuata.

Ndeshau alirudi nyumbani, akachukua kibuyu, akashuka korongoni kwa njia ya zamani iliyokwisha kuota nyasi. Wanawake wa Kirowa walimwona, nao wakamfuata mmoja mmoja. Ukingo wa pili, wanawake wa Ngaruma walikuwa wakiteka maji ya msiba. Walitazamana juu ya maji yale yaliyojaa. Hakuna pembe ya vita iliyolia. Wakajaza vyombo vyao, kila mmoja akapanda kwake.

Nyimbo zilizobaki zinataja jabali, Mangi na vita. Siku ile haimo. Lekule aliwatazama kutoka juu mpaka mwanamke wa mwisho alipofika salama, kisha akainama, akaanza kurudisha mawe.