Panga Kwenye Mawaridi ya Mama Wahome

Kila asubuhi Khisa alipiga chafya kabla hata hajafumbua macho. Moja, tatu, saba! Kisha macho yalimwasha, pua ikamtiririka, naye akaenda shuleni na leso mbili mfukoni. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Wazazi wake walikuwa wametoka Bungoma, wakapanga nyumba Kitengela na kufuga ng'ombe mmoja wa maziwa. Baada ya kiangazi kikali cha mwaka wa 2000, baba yake aliapa kwamba ng'ombe huyo hatalala njaa tena. Alinunua marobota ya nyasi kavu na, kwa kuogopa wezi, akayapanga katika chumba cha Khisa kutoka sakafuni hadi darini.

Shuleni kulikuwa na vita tupu. "Kaeni mbali, huyo ako na TB!" Wahome, mtoto wa jirani yao, alipiga kelele siku moja. Darasa zima likahama dawati la Khisa. Khisa alimrukia, akamchapa ngumi ya mdomo. Wahome naye akamrudishia ya pua, damu na kamasi zikachafua shati. Mwalimu aliwatenganisha, akawapa adhabu ya kufagia uwanja, lakini hakuna aliyerudi kuketi na Khisa. Jambo hilo lilimuuma kuliko ile ngumi.

"Ni hayo mawaridi ya Mama Wahome!" mama yake, Naliaka, alifoka alipoona shati. "Tangu ayapande hapo kwa ua, mtoto wangu hapumui. Maua ndiyo yanamuua!"

Basi! Khisa hakungoja kusikia mengine. Alichukua panga la kukatia nyasi, akaruka ua kuingia kwa jirani. Mama Wahome alikuwa amewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya maua Isinya, na sasa alikuza miche yake mwenyewe ya kuuza. Khisa aliifyeka kwa hasira, fyu! fyu! Miiba ilimchana mikono, petali nyekundu zikatapakaa kila mahali.

"We! Unafanya nini?" Wahome alitoka mbio.

"Nitakukata na wewe!" Khisa alinguruma, akainua panga juu. Hakukusudia kumkata, alitaka tu kumtisha. Lakini papo hapo chafya ikamjia. Macho yalijifumba, mkono ukashuka wenyewe, na Wahome akapiga yowe. Damu ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye mkono wake.

"Ngai fafa! Mungu wangu! Ameniulia mtoto!" Mama Wahome alilia, akaivua leso aliyojifunga kiunoni na kuufunga mkono. Wote wakakimbilia zahanati, Khisa na mama yake wakifuata nyuma.

Daktari Muteti alishona nyuzi sita. "Nini kilitokea?" aliuliza.

"Walikuwa wanacheza tu, daktari," Naliaka alisema upesi.

Wahome alimtazama Khisa. Khisa alijua kwamba akinyamaza, mama yake atamwokoa.

"Hatukuwa tunacheza," alisema. "Nilikata mawaridi yao, halafu nikamwinulia panga. Nilidhani maua ndiyo yananifanya..." Akapiga chafya tano mfululizo.

Muteti aliweka mkasi chini. Alimpima kifua, akamuuliza kama anakohoa, kama ana homa, kama amekonda. Hapana. Chafya humshika zaidi lini? Asubuhi, kitandani. Analala wapi? Khisa akamweleza juu ya marobota.

"Ala! Mnamlaza ndani ya ghala!" daktari alishangaa. "Hii si TB. Ni mzio, wengine huita aleji. Nyasi zikichanua hutoa chavua, vumbi jepesi mno ambalo hupeperushwa na upepo. Zikikatwa zikiwa na maua yake, vumbi hilo hubaki kwenye nyasi kavu. Mtoto analivuta usiku kucha. Chavua ya waridi ni nzito, hubebwa na nyuki, haipeperuki hadi puani mwake."

Mama Wahome alikuwa bado na waridi moja lililonasa kwenye sweta yake. Alilichomoa kwa ukali, akalisukuma hadi puani mwa Khisa. "Nusa! Nusa vizuri!"

Khisa alivuta pumzi. Walingoja. Chafya haikuja. Naliaka aliinamisha kichwa kwa aibu.

Jioni hiyo baba aliyatoa marobota yote na kuyajengea kibanda cha mabati mbali na nyumba, na chumba kikapigwa deki. Khisa alikunywa dawa aliyopewa, akaamka kesho yake na chafya mbili tu. Jumamosi aliokota vijiti vyote alivyokata, na Mama Wahome akamfundisha kuvichomeka ardhini vipate kuota upya. Wahome, mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alimsimamia kama mnyapara.

"Hicho umekipanda kichwa chini," alimkosoa.

"Nisamehe," Khisa alisema. Hakuwa anazungumzia kijiti.

Mama Wahome aliwasikia, akaacha kumwagilia maji. "Khisa, ulisema ukweli pale kwa daktari, ndiyo maana uko hapa kwangu na si kwa polisi. Lakini sikiza. Ulipigana na maua bure, na adui alikuwa kando ya kitanda chako. Na wewe Wahome, ulimpa mwenzako ugonjwa ambao hukuupima. Siku nyingine mtu akiumwa, mpelekeni kwa daktari kwanza. Hasira haijui kutibu."

Jumatatu, Wahome alibeba mkoba wake kwa mkono mmoja, akaupachika kwenye dawati la Khisa, akaketi.