Vyuma vya Gari la Baba

Mkono wa kupandishia kioo cha gari ulikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana gereji ilikuwa bado kivulini na mlango ndiyo kwanza umefunguliwa. Lilikuwa joto la kitu kilichoshikwa sasa hivi, kama kiti cha mtu aliyeinuka kukupisha. Fundi aliurudisha mezani, akajifuta kiganja kwenye ovaroli, akajiambia ni damu yake tu imechemka kwa kukosa usingizi. Akaendelea na kazi.

Watu walimwita Nikeli. Injini hakuzigusa wala hakujifanya anazijua. Kazi yake ilikuwa urembo wa magari ya zamani: kung'arisha kanda za nikeli zinazopita ubavuni mwa milango, kunyoosha bampa, kufufua vitasa vilivyokufa, kutafuta kifuniko cha taa ambacho kiwanda kiliacha kukitengeneza kabla yeye hajaota meno. Gari likitoka mikononi mwake, watu wazima walisimama barabarani kulitazama hadi wakasahau walikokuwa wakienda.

Gari la siku hizo lilikuwa la daktari wa meno, jeupe kama maziwa, la kumpeleka binti yake harusini. Bodi ilikuwa imeshapona. Vilibaki vitu vidogo: mkono wa kupandishia kioo cha dereva, pete ya honi inayokaa katikati ya usukani, na ukanda mmoja wa nikeli. Nikeli alikuwa ameuliza kwa kila muuza vipuri aliyemjua, akapiga simu mpaka sikio likauma. Havikuwepo. Au tuseme vilikuwepo mahali pamoja tu, na hapo hakutaka hata kupafikiria.

Nyuma ya nyumba ya kaka yake lilikuwepo gari la marehemu baba yao, la aina ile ile, limeegeshwa chini ya paa la mabati, matairi yameshalala. Baba alipokuwa hai hakuruhusu mtu kukaa kiti cha dereva likiwa limesimama. "Kina mwenyewe," alikuwa akisema, na hakueleza zaidi. Alipokaribia kufa alimwita mwanawe mkubwa, akamwambia gari lisiuzwe na kisifunguliwe kitu. Kaka mtu akatii. Ugonjwa wa sukari ulipommaliza macho, akajenga mazoea ya kukaa humo kila alasiri, kiti cha abiria, fimbo katikati ya magoti, akiongea chinichini. Watu wa nyumbani walidhani anaongea na baba yake. Waliona ni upweke, wakamwacha.

Huyo kaka ndiye aliyemlea Nikeli baada ya msiba. Ndiye aliyemnunulia bisibisi ya kwanza na kumpeleka akajifunze ufundi. Kama angemwomba vile vyuma, angekataliwa kwa upole, na upole wa kaka ulikuwa mgumu kuliko matusi. Kwa hiyo hakuomba. Alikwenda siku ambayo shemeji yake alimpeleka mumewe hospitali, akafungua alichokitaka, akaweka badala yake vya bandia, vyepesi, vilivyopakwa rangi ya fedha. Asiyeona hatajua, alijiambia. Wazo hilo lilimjia kama utani. Alipofika barabarani, begi begani, lilikuwa limeshaacha kuwa utani.

Baada ya joto ikaja harufu. Ilianzia ndani ya gari la daktari, siku aliyofunga pete ya honi: harufu ya mawaridi yaliyooza ndani ya maji. Alitoa viti, akaosha zulia, akalianika. Harufu ikabaki. Alasiri nyingine alikuwa mezani anausugua ule ukanda, anapaka dawa, anafuta, anapaka tena, mpaka ukawa kioo. Ndani yake aliona uso wake, nyuma ya uso wake gari jeupe, na ndani ya gari mtu amekaa nyuma ya usukani, ameuelekeza mgongo wake mbele na uso wake kwa Nikeli. Aligeuka. Gari lilikuwa tupu. Aliporudisha macho kwenye ukanda, mtu yule alikuwa bado amekaa.

Jioni hiyo alikwenda kumsalimia kaka. Alimkuta ndani ya gari la baba, mlango wazi, mkono wake umelala juu ya kitasa kama unaotuliza mtoto.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Hebu njoo. Hili gari limekuwa jepesi."

"Jepesi vipi?"

"Sijui. Nikiongea nasikia sauti yangu inanirudia. Zamani haikunirudia." Akakipapasa kitasa. "Kuna mtu aligusa kitu humu?"

Nikeli aliyatazama yale macho meupe yaliyoelekea begani kwake. "Ni kutu tu kaka. Gari likizeeka ndivyo linavyokuwa."

"Basi sawa," kaka akasema. "Wewe ndiye fundi."

Maneno hayo yalimchoma kuliko kama angetukanwa. Usiku huo hakula, na mkewe alipomuuliza kinachomsumbua alisema ni tumbo.

Daktari wa meno alikuja na binti yake kuliona gari. Binti alikuwa mcheshi, akazunguka akicheka, akasema kwa gari hili bwana harusi atasahauliwa kabisa. Akafungua mlango, akakaa kiti cha dereva, akashika usukani. Mlango ukajifunga polepole, bila kishindo. Halafu ule mkono wa kioo ukaanza kuzunguka. Nikeli aliuona kwa macho yake, ukizunguka taratibu kama unaozungushwa na mtu asiye na haraka, krr, krr, krr, na kioo kikapanda mpaka juu, na binti akaacha kucheka, akaweka mkono kinywani kama anayezuia kutapika, na baba yake akavuta kitasa, akakivuta tena kwa mikono miwili huku akimwita mwanawe kwa jina la utotoni, na ndani ya kile kioo ukungu ulikuwa ukitanda kana kwamba humo mna watu wengi wanaopumua kwa pamoja, mpaka yule binti hakuonekana tena ila kiganja chake kimoja, kisha ghafla kitasa kikalegea chenyewe na mlango ukafunguka.

Binti alitoka akiwa ameloa jasho. Hakulia. Alimwambia baba yake kwa sauti ya chini, "Kuna mtu ameniambia nishuke. Amesema nimekaa kwake, na kwake si hapa."

Daktari alimgeukia Nikeli. "Fundi, umelitia nini gari langu?"



Siku hiyo alimweleza mkewe yote. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, akasema jambo moja tu, "Kaka yako, baba watoto? Kaka yako?" Kisha akajifunga kitambaa kichwani, akaenda kumleta mama mmoja wa makamo aliyeuza nyuzi na vifungo sokoni, ambaye watu wenye shida za namna hiyo walimfuata bila kutangaza.

Mama yule alikuja na mafua, leso mkononi, akilalamika kuhusu vumbi. Alizunguka gari mara moja. Hakufukiza kitu wala hakupandisha sauti. Aligusa pete ya honi kwa ncha ya kidole, akautoa mkono upesi.

"Huyu hakutumwa kwako," alisema. "Umembeba mwenyewe kwenye begi. Vyuma hivi ndivyo alivyokuwa akivishika miaka yote. Umemvunjia nyumba, sasa nusu yake iko huku na nusu iko kule."

"Nifanye nini, mama?"

"Virudishe kwa mkono wako. Halafu simama mbele ya kaka yako, umwambie ulichofanya, kwa maneno, yeye akisikia na huyu akisikia. Usiruke hapo. Ukirudisha vyuma bila maneno atakuwa hana ruhusa ya kuingia, na mwenye hasira akikosa pa kuingia huchukua palipo karibu." Akapenga kamasi. "Mimi siwezi kuyasema kwa niaba yako."

Kesho yake saa ya chakula cha mchana, wakati watu wa nyumbani wako mezani, Nikeli aliingia kwa geti la nyuma, begini mna vyuma alivyovitoa kwenye gari la daktari. Alifungua vile vya bandia, akafunga vile vya asili, skrubu moja baada ya nyingine, mpaka bisibisi ikateleza na kumkwaruza kidole. Kila chuma kilichorudi mahali pake kilipoa. Alikuwa anakaza skrubu ya mwisho aliposikia fimbo ya kaka ikigonga sakafu, ikija.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, kaka."

"Unafanya nini saa hizi na hujaingia ndani kula?"

Maneno yalikuwa tayari. Alikuwa ameyapanga njia nzima. Lakini kaka alisimama pale na shati alilofungwa vifungo na mkewe, na tonge dogo la chakula limenasa kidevuni bila yeye kujua, na Nikeli aliona hawezi kumwambia mtu huyo: nilikuibia kwa sababu huoni.

"Nilikuwa nakaza skrubu. Zilikuwa zimelegea."

Kaka hakuondoka. Alisubiri, kichwa amekiinamisha kidogo. "Hakuna kingine, mdogo wangu?"

"Hakuna, kaka."

"Haya." Akapapasa mlango, akaingia, akakaa kiti chake cha abiria. Nikeli alikuwa ameshafika getini harufu ya mawaridi ilipompita, ikielekea kule alikotoka.

Shemeji yake alipiga simu alfajiri. Alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Shem, njoo. Njoo umwone kaka yako. Anaona."

Nyumba ilikuwa imejaa majirani. Kaka alikaa sebuleni, mgongo wima, akitaja rangi za nguo za kila aliyeingia, na watu wakishukuru kwa sauti. Macho yake yalikuwa safi, meusi, na hayakupepesa. Alipomwona Nikeli alinyoosha mkono. Kiganja chake kilikuwa na joto ambalo Nikeli alilifahamu.

"Shati la bluu," alisema. "Na umejikwaruza kidole." Kisha akamvuta karibu, mdomo sikioni. "Usimwambie huyu mwanamke. Mwache afurahi. Mimi nimepata pazuri, sihitaji tena lile gari."

Nikeli alitoka nje kupitia jikoni. Shemeji yake alikuwa akichota unga, akimtabasamia kwa macho yaliyovimba. Alifika chini ya mabati, akasimama mbele ya gari la baba, akayasema. Aliyasema yote: siku ya hospitali, begi, vile vya bandia, neno kutu, na lile jibu la jana. Akapiga magoti kwenye vumbi na kuyarudia tangu mwanzo.

Alipomaliza, kutoka kiti cha abiria, ambacho kilikuwa kitupu, ilitoka sauti ya kaka yake, ile ya siku zote, ya upole.

"Nimekusamehe, mdogo wangu. Nilikusamehe tangu siku ile. Sasa nifungulie nitoke."

Nikeli alitazama. Milango yote minne ilikuwa wazi.